Ukiacha kapuchino, anayefaidi ni ng'ombe

Kila Njaanuari, karo zikishalipwa na mshahara ukiwa bado mbali, wafanyakazi wa ofisini jijini Nairobi huapa kuacha kahawa ya mkahawani na kurudia chai ya nyumbani. Mimi nimeapa mara mbili. Mara ya pili sikuishia kuapa tu: niliweka risiti ya mkahawa mezani kando ya sufuria, nikashika kalamu, nikatafuta pesa za kila kikombe zinakwenda mfukoni mwa nani.

Tuanze na risiti. Tuseme kapuchino ni shilingi 350, bei isiyomshangaza mtu tena katika majumba ya maduka ya Westlands au Kilimani. Ndani yake mna ushuru wa VAT wa asilimia 16 na tozo ya utalii ya asilimia 2. Hizo mbili ni shilingi 53. Kahawa yenyewe, gramu 18 hivi za unga kwa kikombe chenye nguvu, ni kama shilingi 40 ukikadiria kwa bei ya dukani. Maziwa ya kutoa povu ni shilingi 20 hivi. Zinabaki zaidi ya shilingi 230 ambazo si kahawa, si maziwa wala si serikali. Ni kodi ya jengo, mishahara, umeme, intaneti, mashine ya spreso ambayo bei yake hufika mamia ya maelfu ya shilingi, halafu faida, ikiwa ipo.

Kwa maneno mengine, mkahawa ni biashara ya kukodisha viti. Kijana anayefungua laptopu saa tatu asubuhi na kuondoka saa saba mchana akiwa amekunywa vikombe viwili amepata ofisi yenye choo safi na mlinzi mlangoni kwa shilingi 700. Wenye mitaji mikubwa walilijua hilo mapema. Java House ilifungua mlango wake wa kwanza Nairobi mwaka 1999, na tangu hapo imepita mikononi mwa mifuko ya uwekezaji kama mpira wa wavu: Emerging Capital Partners, kisha Abraaj, kisha Actis. Mifuko hiyo haikuwa na kiu ya kahawa. Ilitaka viti vinavyokaliwa na tabaka la kati linalotafuta mahali pa kukutana.

Ndiyo maana bei ya buni ikipanda duniani, mnywaji wa Nairobi haioni sana. Februari 2025, baada ya ukame kuwakumba wakulima wa Brazil, kahawa ya arabika ilivuka dola 4 kwa ratili katika soko la New York, bei ambayo haikuwahi kuonekana. Hata gharama ya buni ingeongezeka maradufu, kikombe cha shilingi 350 kingehitaji nyongeza ya shilingi 40 tu kuifidia. Mwenye jengo akipandisha kodi, hiyo ndiyo habari.

Sasa tuingie jikoni. Chai ya maziwa ya nyumba nyingi za Kenya huchemshwa nusu maji nusu maziwa, sukari juu, na tangawizi kwa anayependa. Robo kilo ya majani ni shilingi 150 na ushee. Kikombe kinahitaji gramu 2, kwa hiyo pakiti hiyo inatoa vikombe zaidi ya 120, na majani ya kila kimoja hayazidi shilingi moja na nusu. Sukari ya vijiko viwili ni shilingi moja na nusu nyingine. Gesi, ukichemsha sufuria ya watu wanne, ni kama shilingi moja. Halafu yanakuja maziwa: nusu kikombe kutoka kwenye pakiti ya nusu lita ya shilingi 60 hivi. Hayo ni shilingi 15.

Jumla ni shilingi 20 kasoro. Ushuru na tozo za kapuchino moja zingenunua vikombe viwili na nusu vya chai hiyo. Kwa siku 22 za kazi, anayehama mkahawani huokoa zaidi ya shilingi 7,000 kwa mwezi. Hesabu hiyo kila mtu huifanya. Iliyonishangaza mimi ni ile ya ndani ya sufuria: robo tatu ya gharama ya chai ni maziwa. Tunaita chai kwa heshima ya majani, lakini kwa pesa hicho ni kikombe cha maziwa kilichotiwa rangi.

Rangi hiyo nayo ina historia ya kiwandani. Viwanda vya Kericho, Nandi, Nyeri na kwingineko husaga majani kwa njia iitwayo CTC, iliyobuniwa Assam, India, miaka ya 1930: jani linapondwa, linachanwa na kuviringishwa hadi punje ndogo. Punje hizo hutoa rangi upesi na hazishindwi na maziwa mengi. Jani zima lililosokotwa polepole lingepotea ndani ya sufuria zetu. Kwa hiyo chai ya Kenya na maziwa ya Kenya zimezoeana kama pete na kidole, na kidole ndicho chenye gharama.

Ajabu ni kwamba nchi inayouza nje chai nyeusi nyingi kuliko nyingine yoyote duniani hunywa chini ya asilimia 10 ya inachovuna. Shehena kubwa hupita mnada wa Mombasa ikiwa ndani ya magunia ya karatasi, ikaelekea Pakistan, Misri na Uingereza, na huko ndiko inakopewa jina na pakiti ya kupendeza. Ketepa ya Kericho na wafungashaji wenzake wanagombea hicho kidogo kinachobaki. Ushindani wao mkali hauko kwenye rafu za supamaketi, uko kwenye kioski. Huko mteja haombi robo kilo, anaomba "majani ya kumi", kijipakiti cha siku moja au mbili. Kwa kilo, majani ya kumi ni ghali kuliko yale ya robo. Anayelipwa kwa siku hununua kwa siku, na wafungashaji wanalijua hilo vizuri sana.

Na mkulima je? Hapa hesabu inauma. Gramu 2 za majani makavu hutokana na gramu 9 hivi za majani mabichi. Tuseme mkulima amelipwa shilingi 50 kwa kilo ya majani mabichi, malipo ya kila mwezi na bonasi ya mwisho wa mwaka vikijumlishwa. Wengi wa upande wa magharibi ya Bonde la Ufa wangeishangilia bei hiyo. Katika kikombe chako amepata senti 45. Mwenye ng'ombe, kwa shilingi 50 kwa lita, bei ambayo serikali iliitangazia New KCC mwaka 2024, amepata shilingi 6 katika kikombe hicho hicho. Ng'ombe amemzidi mchai mara kumi na tatu.

Mkulima wa kahawa yuko kwingine kabisa. Kikombe cha mkahawani kinameza gramu 140 hivi za matunda mekundu ya mbuni. Akilipwa shilingi 100 kwa kilo, ana shilingi 14 katika zile 350. Ni asilimia 4, na hatuna budi kuionea aibu, lakini ni nyingi kuliko anachopata mwenzake wa chai. Kwa hiyo anayehama kapuchino kwa kusema anamuunga mkono mkulima wa nyumbani ajue anamnyang'anya mmoja shilingi 14 na kumpa mwingine chini ya nusu shilingi. Afadhali aseme ukweli kwamba anaunga mkono mfuko wake. Bahati njema, katika Kiambu na Murang'a kuna familia nyingi zenye ng'ombe wawili zizini na chai mlimani, hivyo kilichopotea kwa jani hurudi kwa ndoo.

Wenye mikahawa hawana wasiwasi na viapo vyetu vya Januari, maana chai wanauza pia, na ndiyo inayowalipa vizuri zaidi. Chai ya maziwa ya mkahawani huuzwa bei inayokaribia ile ya kahawa, ilhali majani ndani yake ni yale yale ya shilingi moja na nusu na haihitaji mtu aliyefunzwa kutoa povu. Mkahawa una kahawa ndani ya jina lake, lakini ukikaa mlangoni asubuhi na kuhesabu birika zinazopita, utajua ni nini kinacholipa kodi ya jengo. Pwani wao walishalitatua jambo hili zamani: kahawa tungu kutoka kwenye buli la shaba, kikombe kidogo, benchi la mbao barazani, na mwenye nyumba hadai kodi ya benchi.

Mtaani kwangu bei ya chai husomwa mahali pamoja tu, kwenye mashine ya maziwa ambayo wote huiita ATM. Mama anayeisimamia huuliza, "Ya ngapi?", na watu hujibu kwa pesa, si kwa lita: ya thelathini, ya hamsini. Mvua ikikosekana na nyasi zikikauka, hubadilisha bei kwa chokaa kwenye ubao mweusi, na asubuhi hiyo jibu huwa lile lile, ya hamsini, ila chupa haijai. Mwaka huu, wiki ya pili ya Februari, jamaa aliyekuwa mbele yangu kwenye foleni aliutazama ubao, akarudisha chupa yake mfukoni, akavuka barabara hadi kioski. Nilimsikia akiagiza majani ya kumi na sukari. Kwake wiki hiyo ilikuwa ya strungi.