Masafa ya televisheni: Vyuo vikuu viwahi nafasi

BUJUMBURA. Aliyekuwa na kizimba katika Soko Kuu la Bujumbura kabla halijateketea Januari 2013 anajua thamani ya nafasi. Mzigo unao, lakini huna pa kuutandaza. Masafa ya televisheni ni hivyo hivyo: ni nafasi hewani, ina kikomo, na hapa Burundi msimamizi wake ni mamlaka ya mawasiliano, ARCT.

Enzi za analojia, kituo kimoja kilichukua kizimba kizima. Mfumo wa dijitali wa DVB-T2, uliochaguliwa na nchi za Afrika Mashariki, huingiza chaneli zaidi ya kumi palepale. Kwa hiyo chuo kinachotaka kufundisha kwa televisheni hakihitaji mnara wake. Kinahitaji chaneli moja ndani ya king'amuzi. Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kinayo, Mlimani TV, na wanafunzi wa uandishi wa habari hujifunzia humo.

Linamhusu nini anayevuka Gatumba au kupakia mzigo wa Kigoma? Somo la forodha, au la kupiga hesabu za faida, likirushwa jioni kwa Kiswahili, halimlazimu kufunga duka apande hadi kampasi ya Mutanga. Tena mawimbi hayaulizwi pasi: ng'ambo ya mpaka tu ni Uvira.

Lakini kupata nafasi si kuitumia. Mwaka 1963 Marekani ilitenga masafa ya megahezi 2,500 na kuendelea kwa ajili ya shule na vyuo kurusha masomo. Mwaka 1983 viliruhusiwa kukodisha nafasi ya ziada. Vingi vikakodisha, kwanza kwa televisheni za kulipia, kisha kwa kampuni za intaneti, hadi sharti likabaki asilimia 5 tu ya uwezo kwa elimu. Mwaka 2019 hata hilo likafutwa. Kodi ilivisaidia vyuo, sikatai, ila mwalimu aligeuka mwenye nyumba ya kupanga.

Kote duniani, masafa yaliyoachwa na analojia yanawaniwa na kampuni za simu, nazo huja na fedha mkononi. Chuo huja na barua. Barua hiyo itaje saa za masomo kwa wiki, lugha ya kufundishia, na kwamba chaneli haitapangishwa.