Mashine ya Kupumulia Usingizini: Namna ya Kuiosha Nyumbani



Siku hizi, katika nyumba kadhaa za miji yetu, kuna chombo kipya pembeni ya kitanda: mashine ndogo yenye mpira mrefu na maski. Mara nyingi imeletwa na mzee aliyetoka kutibiwa inchi za nje, ao imetumwa na watoto walio Ulaya. Mzee ndiye anayelala nayo, lakini anayeiosha ni mama wa nyumba, binti ao mkamwana. Basi inafaa tujue vizuri kazi hiyo.

Kuna watu ambao wakilala, koo linajifunga. Mtu anakoroma sana, ananyamaza, pumzi inakatika kwa sekunde kadhaa, halafu anashtuka akitafuta hewa. Jambo hilo linaweza kurudi mara nyingi usiku mmoja. Mchana anasinzia hata akiwa anaongea na wageni, na ugonjwa huu unaambatana na tansio ya juu na shida za moyo. Mwaka 1980, muganga Colin Sullivan wa Sydney, Australia, alipata njia ya kusukuma hewa kupitia puani ili koo libaki wazi. Mashine haiponyeshi ugonjwa. Inasaidia tu wakati mtu ameivaa. Mzee akiiacha kwa sababu maski inanuka, ugonjwa unarudi usiku uleule. Kwa hiyo kuosha mashine ni sehemu ya dawa.

Tukumbuke neno moja: kilicho ndani ya mashine, mzee anakivuta hadi kwenye mapafu. Tuioshe kwa uangalifu uleule wa biberoni ya mtoto.

Kila asubuhi
Ondoa waya kwenye priza. Mwaga maji yaliyobaki katika chombo cha maji. Usiyaongeze tu mengine juu yake. Osha maski kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo isiyo na harufu kali, maana mafuta ya uso yanaiharibu na kuifanya ivujishe hewa. Suuza vizuri, anika kivulini. Jua kali linapasua mpira wake.

Kila siku ya posho
Osha mpira mrefu, mikanda ya kichwa na chombo cha maji. Pitisha maji ya sabuni ndani ya mpira, suuza mpaka povu liishe, kisha utundike ili maji yote yadondoke. Kama chombo cha maji kimeshika ukoko mweupe, weka kipimo 1 cha siki nyeupe na vipimo 9 vya maji, acha kidogo, suuza sana. Mashine yenyewe haioshwi kwa maji: ipanguse kwa kitambaa chenye unyevu kidogo.

Kila mwezi
Tazama filtri, kile kichujio kidogo kinachozuia vumbi. Kikiwa cheusi ao kimechanika, kibadilishwe. Kile cha kutupwa hakifuliwi.

Tusivitumie hivi
Javeli ni nzuri kwa choo, si kwa mashine hii: harufu yake inabaki ndani ya mpira na kuchoma mapafu. Alkoli na manukato pia hapana. Maji yanayochemka yanaharibu umbo la maski.

Maji ya kutia ndani
Yanayofaa ni maji yaliyosafishwa kwa mvuke (distilée), ulizia kwenye farmasia. Kuchemsha maji kunaua vijidudu, lakini chumvi za ardhini zinabaki na kufanya ukoko, kama ule wa ndani ya birika. Angalisho: usitie kamwe maji ya batri ya gari, kwani yanaweza kuwa na asidi. Ukikosa maji mazuri, uliza muganga kama mzee anaweza kulala bila kutia maji. Mashine nyingi zinafanya kazi hivyo, ila pua itakauka kidogo.

Hewa ya chumba
Mashine inavuta hewa ya chumba hichohicho. Usiiweke chini penye vumbi, wala karibu na pazia. Na mbabula yenye makala isiingie kamwe chumba cha kulala: moshi wake usioonekana unaua, mwenye mashine na asiye nayo.

Mashine iliyotumiwa na mwingine
Kabla ya kuipokea, soma jina na namba iliyo chini yake. Mwezi wa 6 mwaka 2021 kampuni ya Philips ilitangaza kuzirudisha mashine nyingi, zikiwemo DreamStation za kwanza, kwa sababu sponji iliyo ndani inaweza kumomonyoka na mgonjwa akavuta vipande vyake. Kusafisha kwa mashine za ozoni kunaweza kuongeza uharibifu huo. Wale walio Ulaya wanaweza kuhakikisha namba hiyo kabla ya kutuma. Maski ya mtu mwingine isitumiwe. Itafutwe mpya inayomtosha mzee.

Andika kazi hizi kwenye karatasi, uibandike karibu na kitanda, ili hata ukiwa sokoni ao shambani mtoto mkubwa ajue zamu yake. Mzee akianza kukohoa, kupata homa ao kuumwa kifua, usingoje: mpelekeni hospitali, na mwambieni muganga kwamba analala na mashine.