Fahamu: Mafaili ya wageni ndani ya Google Drive yako

Uko saiba hapa Kanamkemer, Lodwar, ukisubiri CV itoke kwenye printa. Unafungua Drive: kuna faili la "zawadi" kutoka kwa mtu usiyemjua.

Limeingiaje?
Anayejua anwani yako ya Gmail anaweza kukushirikisha faili bila kukuuliza. Halili GB 15 zako za bure. Linahesabiwa kwa mwenyewe. Hatari ni viungo vilivyomo. Usivibonyeze.

Kuliondoa kunatosha?
Hapana. Linatoweka kwako tu, na kesho atakuletea jingine. Dawa ni kumzuia, uwezo ulioletwa 2021: bonyeza nukta tatu kando ya faili, ripoti, kisha mzuie. Mafaili yake yote yanapotea kwako, na yako kwake.

Na kwenye kompyuta ya saiba, toka kwenye akaunti kabla hujainuka.