Banna, pwani ya Ayalandi alikokamatwa shahidi wa mateso ya Congo

Msafiri anayeshuka gari moshi mjini Tralee, kusini-magharibi mwa Ayalandi, anakutana na jina ambalo Mkongomani angepashwa kulifahamu: kituo chenyewe kinaitwa Casement. Toka hapo ni kilomita karibu nane tu kufika Ardfert, kijiji cha zamani. Mbele yake kidogo kuna Banna, ufuko mrefu wa mchanga unaopigwa na upepo wa bahari ya Atlantiki.

Ardfert wageni wanakuja kuona magofu ya kanisa kuu. Inasemekana Mtakatifu Brendan, mtawa aliyesifika kwa safari za baharini, alianzisha monasteri hapo katika karne ya 6. Mlango wa magharibi, wenye matao ya mawe yaliyochongwa, ni wa karne ya 12. Paa haliko tena. Kanisa lilichomwa wakati wa vita vya 1641.

Lakini kwa mtu wa Congo, penye kugusa roho ni Banna. Alfajiri ya Ijumaa Kuu, tarehe 21 Aprili 1916, Roger Casement na wenzake wawili walitoka ndani ya nyambizi ya Wajerumani, wakapanda mashua ndogo, mawimbi yakaipindua. Walifika inchi kavu wakiwa wamelowa. Casement hakuweza kuendelea: malaria aliyoipata zamani Afrika ilikuwa imemrudilia. Wenzake wakamwacha katika ngome ya kale ya udongo, wakaenda Tralee kutafuta msaada. Polisi wakamkuta humo siku ile ile.

Miaka 13 mbele ya hapo, mtu huyu alikuwa konsuli wa Uingereza huko Boma. Mwaka wa 1903 alipanda mto Congo hadi upande wa Ziwa Tumba, akaandika maneno ya wanakijiji wenyewe: kodi ya mpira, wanawake waliofungwa hadi waume zao walete mpira, mikono iliyokatwa. Ripoti yake ilitoka 1904. Kelele zilizofuata zilimsukuma mfalme Leopold II kuiachilia Congo mwaka wa 1908, ingawa ilikabiziwa Ubelgiji, si wenyeji.

Uingereza ilimpa cheo cha Sir mwaka wa 1911. Yeye akaanza kuitazama inchi yake kwa jicho lile lile, maana Ayalandi nayo ilitawaliwa na wengine. Alikwenda Ujerumani kutafuta silaha. Meli Aud, iliyobeba bunduki elfu 20, ilifika maji hayo hayo ya Kerry. Waingereza wakaikamata, na mabaharia wake wakaizamisha. Cheo kikaondolewa. Tarehe 3 Agosti 1916 Casement alinyongwa London kwa kosa la uhaini, na mabaki yake yalirudishwa Dublin mwaka wa 1965 tu.

Ufukoni kuna mnara wa mawe wa kumkumbuka. Ngome nayo bado iko, duara la udongo lililofunikwa na majani kati ya bahari na kijiji, na watu wanaiita ngome ya Casement.