Meza Inapohama Sifuri Yake

Miongoni mwa hitilafu zinazomsumbua mwenye mashine ndogo ya kuchonga kwa amri za kompyuta, sidhani kama iko inayochosha roho kuliko kuhama kwa mhimili: kazi huanza vyema, duru za mwanzo zikachongeka sawasawa, kisha kisu kikawa chapotoka kidogo kidogo, hata kipande cha aluminiamu kilichonunuliwa kwa pesa nzuri kisifae kitu. Hapo aghalabu mtu hukimbilia bisibisi, akakaza kila skrubu aionayo, na kwa haraka hiyo akaufuta ushahidi uliokuwa mbele yake. Kwani kiasi cha kuhama chenyewe, kikipimwa kabla ya kugusa lolote, hueleza asili ya maradhi.

Mota za mashine hizi, nazo ni za kwenda kwa hatua, kwa kawaida huendeshwa bila chombo cha kurudisha habari: kompyuta hupeleka mapigo ya umeme na kuamini kuwa kila pigo limetiiwa. Mota iliyo maarufu hutimiza mzunguko kwa hatua 200. Kiendeshi kikigawa kila hatua mara 16, mzunguko huwa mapigo 3200. Na ikiwa skrubu ndefu husogeza meza milimita 5 kwa mzunguko, pigo moja ni milimita 0.0016 hivi.

Basi fundi na aiegemeze saa ya kupimia, ile isomayo sehemu ya mia ya milimita, kwenye ubavu wa meza, sindano ikiwa sifuri. Kisha aiamuru meza iiache saa kwa milimita 20 na kuirudia, mara 100, kisu kikiwa hakigusi kitu. Maadamu meza hurudi daima kutoka upande ule ule, ulegevu wa skrubu hautaingia katika hesabu, nao kwa hakika si kuhama, kwa kuwa haujilimbikizi.

Sindano ikisoma 0.31, na kwa safari 50 ilisoma nusu yake, dhahiri mapigo mawili yanapotea kila safari: amri ya kugeuka imechelewa kukifikia kiendeshi, pigo la kwanza likaenda upande usio wake, na pigo lililokwenda kinyume huhesabika hasara mara mbili. Hapo hapana skrubu ya kulaumiwa. Dawa ni kurefusha, katika programu, muda ulio baina ya amri ya upande na pigo, au kugeuza ukingo wa pigo. Lakini sindano ikiruka 0.1 kwa ghafla, mota imeshindwa nguvu, kwani ikiteleza huteleza kwa hatua kamili nne nne. Na ipunguziwe kasi ya kuanzia mwendo, tena reli zitazamwe kama zimebana mno.

Na kiasi kikiwa hakina nidhamu, leo hivi kesho vile, napendelea kalamu ya wino kuliko chombo chochote cha thamani: mstari mmoja uchorwe kupitia mhimili wa mota na kiungo chake, mashine ikaendeshwa, na mstari ukikatika, skrubu ya kubania imelegea. Usipokatika, ndipo zichunguzwe nyaya za mapigo, zisilale pamoja na waya wa mota ya kisu.