Kupoza Oili ya Injini

Katika miaka ya 1990, wakati wakimbizi kutoka Burundi walipoishi katika kambi ya Lukole, wilayani Ngara, chakula kingi kilichopelekwa huko kilisafiri kwa reli hadi Isaka, kisha kwa malori yaliyopitia Kahama na Biharamulo. Lori lililosheheni magunia linapopanda vilima vya Ngara huenda polepole, ilhali injini yake hufanya kazi kwa nguvu zake zote. Upepo unaoipoza ni haba, na joto linalozaliwa ni jingi. Gari la mashindano hupatwa na shida hiyo kwa njia nyingine: upepo linao, lakini injini huzunguka kwa kasi ya juu kwa muda mrefu bila kupumzika. Makala haya yanakusudia kueleza jinsi joto hilo linavyoingia katika oili, na jinsi kipoza-oili kinavyoliondoa.

Watu wengi hudhani kwamba oili hulainisha tu. Ukweli ni kwamba oili pia hubeba joto. Maji ya rejeta huzunguka silinda na kichwa cha injini, lakini hayafiki kwenye beringi za krankshafti wala chini ya pistoni. Huko oili ndiyo inayopokea joto na kulishusha katika bakuli lililo chini ya injini.

Kwa kawaida oili hufanya kazi vizuri kati ya nyuzi 90 na 110 za Selsiasi. Ikizidi 130 huwa nyepesi mno. Utando wake unaotenganisha chuma na chuma huweza kukatika, na beringi zikaanza kulika. Zaidi ya hayo, oksijeni huiharibu oili, na kwa makadirio kila nyongeza ya nyuzi 10 huzidisha kasi ya uharibifu huo mara mbili hivi.

Mfano mzuri ni Volkswagen Beetle, gari lisilo na rejeta, ambalo lilishinda mbio za Safari za Afrika Mashariki mwaka 1954 na tena mwaka 1962. Injini yake ilipozwa kwa hewa ya feni, na kipoza-oili kilisimama katika njia ya hewa hiyo. Kasoro yake ni kwamba hewa iliyokwisha kupashwa moto na oili ndiyo iliyofika kwenye silinda ya 3. Mwanzoni mwa miaka ya 1970 kiwanda kilikihamishia kipoza-oili pembeni, kikakipatia njia yake ya hewa. Funzo ni kwamba joto likiondolewa mahali pamoja lisipelekwe mahali pengine panapodhurika.

Je, joto lenyewe ni kiasi gani? Tuseme pampu inapitisha lita 20 za oili kwa dakika, yaani kilo 17 hivi, na kipoza-oili kinashusha joto lake kwa nyuzi 15. Kilo moja ya oili hutoa kilojuli 2 hivi kwa kila uzi mmoja. Basi 17 × 2 × 15 ni kilojuli 510 kwa dakika, sawa na kilowati 8.5. Hilo ni joto la pasi za umeme zaidi ya nane za wati 1,000.

Anayefunga kipoza-oili katika gari la mashindano hana budi kuzingatia mambo manne. Kwanza, kikae mbele, penye upepo safi, wala kisizibe rejeta. Akumbuke pia kwamba kwenye mwinuko wa mita 1,500 hewa ni nyepesi kwa asilimia 14 hivi kuliko pwani, hivyo hubeba joto pungufu. Pili, mipira iwe mipana na ya kustahimili oili ya moto, isisuguane na chuma. Mpira mmoja ukipasuka, injini huweza kufa kwa dakika chache. Tatu, iwepo themostati, ili oili isipite katika kipoza-oili kabla ya kupata moto. Oili baridi ni nzito, nayo hubaki na maji na petroli ambavyo vingepaswa kuvukizwa na joto. Nne, baada ya kufunga, injini iendeshwe kidogo, ikaguliwe kama inavuja, kisha izimwe na oili iongezwe, kwa kuwa sehemu yake imejaza kifaa kipya.

Malori mengi makubwa ya dizeli hufuata njia nyingine: oili hupozwa kwa maji ya injini yenyewe. Asubuhi maji hayo husaidia kuipasha oili moto, na mlimani huipunguzia joto.

Mwalimu anaweza kuonyesha jambo hili darasani. Achukue vikombe viwili vya oili, kimoja akiweke katika maji baridi na kingine katika maji ya moto. Wanafunzi wapime sekunde ambazo kila oili hutumia kupita katika faneli ile ile. Kisha wajiulize: ni ipi kati ya hizo wangependa ilinde beringi za lori lililo katikati ya kilima, na ni ipi wangependa iwahi kufika juu ya injini inapowashwa alfajiri?