Kufungua Breki Zilizoshikwa na Kutu

Chama cha msingi chenye gari moja kuukuu hulitegemea gari hilo msimu wote wa kahawa. Msimu ukiisha, gari hulazwa nje, Ijuganyondo au kijiji kingine cha Bukoba na Muleba, likanyeshewa kwa miezi kadhaa. Siku ya kwanza ya msimu mpya dereva huwasha injini, hutia gia, na gari likakataa kwenda kwa kuwa gurudumu la nyuma limeganda.

Hapo ndipo maamuzi mabaya hufanyika. Wengine huliburuta gari kwa nguvu mpaka gurudumu liachie. Wengine humwagiza fundi azibe bomba la breki la gurudumu hilo ili kahawa iwahi kufika ghalani. Gari lililoburutwa huweza kubanduka brekilaini, na vipande vyake vikabana gurudumu ghafla njiani. Gari lililozibwa bomba huvuta upande mmoja kila linaposhikwa breki, na katika miteremko ya Kagera upande huo huweza kuwa korongoni. Njia ya tatu ni kuifungua breki kwa utaratibu, na katibu anayeidhinisha malipo ya fundi hana budi kuuelewa.

Sababu ya kuganda

Watu wengi hudhani kutu ni adhabu ya magari ya pwani peke yake. Ni kweli kwamba chumvi huiharakisha, lakini chuma huhitaji maji na hewa tu ili kiote kutu, na Bukoba hupata mvua inayokaribia milimita 2,000 kwa mwaka. Maji huingia ndani ya ngoma ya breki, ambayo mafundi wengi huiita drami, nayo hukawia kukauka. Kutu huchukua nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Kwa hiyo hujaza uwazi mdogo uliopo kati ya ngoma na viatu vya breki, ikavigandisha pamoja. Gari lililolazwa hali breki ya mkono imevutwa huganda upesi zaidi, maana viatu vimekwisha kuigusa ngoma.

Usalama kwanza

Gari lisimamishwe mahali tambarare, na magurudumu yanayobaki chini yawekewe kabari mbele na nyuma. Jambo hili ni la lazima hasa kwa Land Rover za Series, zilizotengenezwa tangu mwaka 1948 hadi 1985. Breki ya mkono ya magari hayo haishiki magurudumu. Hushika shafti nyuma ya sanduku la gia. Gurudumu moja la nyuma likiinuliwa, difu huliacha lizunguke, na gari huweza kuteremka ingawa breki imevutwa. Baada ya jeki, gari likalishwe juu ya stendi au magogo magumu, wala asiingie mtu chini ya gari lililoshikwa na jeki peke yake.

Kuitoa ngoma

Gurudumu likishatolewa, breki ya mkono iachiliwe, kisha ajasta irudishwe nyuma ili viatu viachane na ngoma. Hatua hii ndiyo inayosahauliwa zaidi. Ngoma iliyotumika sana huwa na ukingo ndani yake, na viatu visiporudishwa nyuma hunasa katika ukingo huo hata kama kutu imekwisha kulegea.

Skrubu zinazoishikilia ngoma zitolewe. Mafuta ya kulegeza kutu yatiwe kidogo kidogo mahali ngoma inapokutana na habu na kuzunguka bolti za gurudumu, kisha yaachwe yanywewe, ikiwezekana usiku kucha. Yasimiminwe ndani, kwa sababu brekilaini iliyolowa mafuta haifai tena.

Ngoma nyingi zina matundu mawili yenye meno. Katika pikapu nyingi za Toyota huingia bolti mbili za milimita 8. Bolti hizo zikazwe kwa zamu, robo mzunguko kila moja, nazo huisukuma ngoma itoke sawasawa. Katikati ya kukaza, ngoma igongwe kwa nyundo juu ya kipande cha mbao, kwenye uso ulio kati ya bolti za gurudumu. Ukingo wa nje usigongwe, maana ngoma ni chuma cha kumimina, nacho hupasuka badala ya kupinda. Moto usitumike karibu na petroli, mafuta ya breki au mipira ya silinda.

Ndani ya ngoma

Brekilaini nyingi za zamani zilitengenezwa kwa asbesto, na vumbi lake huleta saratani ya mapafu. Kwa hiyo vumbi lisipulizwe kwa mdomo wala kwa pampu. Lifutwe kwa kitambaa chenye maji, na kitambaa hicho kifungwe na kuzikwa.

Pistoni za silinda zikiwa zimeganda, msaidizi akanyage pedali polepole ili mafuta yenyewe yazisukume. Zikitoka na kuonekana zimeliwa na kutu, silinda ibadilishwe. Nati ya bomba ikikataa na bomba likaanza kujisokota, bomba likatwe na kuwekwa jipya. Bomba lililosokotwa halinyooshwi kurudishwa kazini.

Viatu vibadilishwe magurudumu yote mawili ya ekseli moja, hata kama kimoja tu ndicho kilichoharibika. Vinginevyo gari litavuta upande. Upepo utolewe kuanzia gurudumu lililo mbali zaidi na silinda kuu. Jaribio la kwanza lifanywe tambarare, kwa mwendo mdogo, bila mzigo, kabla ya gari kurudi barabara ya Muleba.

Wajibu wa chama

Fundi anapodai viatu vya pande mbili, silinda na mafuta mapya, katibu asidhani kuwa anaibiwa. Aombe kuonyeshwa vipuri vya zamani, aviandike katika daftari la gari, ndipo aidhinishe malipo.

Bora zaidi ni kuzuia. Gari linalolazwa liwekwe chini ya paa, kabari zishike magurudumu, na breki ya mkono iachiliwe. Liendeshwe mwendo mfupi kila juma, na breki zishikwe mara kadhaa ili zijikaushe. Mafuta ya breki, ambayo hunyonya unyevu wa hewa, yabadilishwe kila baada ya miaka 2. Asiyeziba ufa hujenga ukuta, na katika gari linalobeba kahawa na watu, ufa huo hugharimu hata maisha.